Nilikuwa Ukumbini

Wapenzi wa tungo hawaachi kuulizana: maneno ya nyimbo za dansi ni ushairi, au ni vijembe na mapenzi vilivyotiwa magitaa? Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 37, na kila mwaka swali hilo lilizuka darasani. Mdomo wangu ulijibu hapana. Moyo ulijibu vingine, na leo nataka kueleza kwa nini viwili hivyo havikupatana.

Nilisomea ualimu katika Chuo cha Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Butimba ni chuo kilichojulikana kwa masomo ya sanaa, na hata sisi tulioandaliwa kufundisha lugha hatukukosa kusikia filimbi na ngoma zikifanyiwa mazoezi. Jioni tulizunguka redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi bendi nyingi za wakati ule, na bendi zenyewe zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1964, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, bendi za polisi na za jeshi. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, na Muhidini Maalim Gurumo, aliyekuwa nguzo ya NUTA, akawa miongoni mwa waliyoijenga. Mitindo yao, Msondo na Sikinde, ilichukua majina yake katika ngoma za Pwani.

Tulichojifunza kwa kusikiliza hakikuwamo katika mtaala. Wimbo wa dansi ulianza polepole, ukasimulia kisa: mume aliyesahau kwao, mirathi iliyogombewa, rafiki aliyegeuka. Kisa kilipokwisha kusimuliwa, magitaa yalishika kasi na wachezaji wakainuka. Sehemu hiyo wanamuziki waliiita chemko. Kwa hiyo msikilizaji alipewa kwanza fikra, kisha akapewa miguu. Kiitikio kiliifunga fikra ile kama kibwagizo kinavyofunga ubeti.

Nilipopangiwa kazi Shinyanga, niliukuta mji ulioujua usiku wake vizuri. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza hupita hapo, na bendi za Dar es Salaam zilizozuru mikoani zilishuka na vyombo vyao stesheni. Zilipenda kuja msimu wa pamba, wakulima walipokuwa wameshauza na fedha ingali mifukoni. Wasukuma, nao, hawakuhitaji kufundishwa kukesha kwa ajili ya wimbo. Baada ya mavuno, vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mchana kutwa, na mtunzi hodari huweza kuwanyang'anya wapinzani watazamaji wote kwa maneno matupu. Waliolelewa katika mashindano hayo waliingia ukumbini wakiwa na masikio makali.

Mwaka 1987 ilikuja bendi moja, Jumamosi. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Sheria ya shule ilimkataza mwanafunzi kuonekana ukumbini, na mwalimu, ingawa hakuna aliyeliandika jambo hilo, alitarajiwa asionekane pia. Nilivaa kofia, nikalipa kiingilio, nikasimama nyuma karibu na nguzo. Chemko lilipoanza, kijana mmoja mbele yangu aligeuka. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mtunzi bora kuliko wote niliokuwa nao. Tulitazamana. Akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayesema shikamoo bila sauti, kisha akapotea katikati ya watu.

Jumatatu jina lake lilisomwa mbele ya shule nzima. Kuna aliyemwona akiruka ukuta alfajiri. Katika kikao cha walimu niliulizwa maoni yangu. Nilisema, "Sheria ni sheria." Maneno matatu tu. Alipoulizwa mbele yetu ni nani mwingine aliyemwona huko, alijibu kwamba kulikuwa na giza. Hakunitazama. Alisimamishwa masomo, na muda wa adhabu ulipokwisha hakurudi. Wenzake walisema amefuata dhahabu Geita, kama vijana wengi wa miaka ile.

Niliendelea kufundisha. Nilifundisha vina na mizani, ukwapi na utao, na nilifundisha ubishi wa washairi wa kimapokeo na wale wa mtindo huru. Kila mara nilipofika kwa Shaaban Robert nilihisi aibu ambayo wanafunzi hawakuijua. Gwiji huyo wa lugha yetu aliandika wasifu wa mwimbaji: Siti binti Saad wa Zanzibar, mwanamke wa asili ya kimaskini aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Shaaban Robert hakuona fedheha kumkalisha mwimbaji mahali pa heshima. Mimi nilishindwa kumtetea mtoto aliyekwenda kusikiliza tu.

Mwaka 2011 nilikwenda Katoro, mkoani Geita, kwa msiba wa ndugu. Katoro ni mji wa biashara unaoishi kwa dhahabu. Mchana husikia karasha zikisaga mawe. Usiku husikia kila kibanda kikipiga muziki wake. Mwenyeji wangu alinipeleka mahali palipokuwa na bendi ya watu watano, magitaa mawili na ngoma, chini ya paa la mabati. Walaji walikuwa wachimbaji waliotoka kwenye maduara, vumbi bado kwenye kope. Mwimbaji alikuwa mtu mzima, sauti yake nzito. Aliimba hivi:

Nimeshuka shimo refu, dhahabu naitafuta,
Taa yangu ni dhaifu, na kamba inanikata,
Vumbi limejaa pafu, pumzi naivuta,
Mama, usifanye hofu, usiku nao hupita.

Ualimu ni maradhi. Nilihesabu mizani kwa vidole chini ya meza. Mshororo wa kwanza, 16. Wa pili, 16. Wa tatu, 15: utao umepungukiwa na silabi moja. Nikafurahi kwa ujinga, kama mtu aliyepata kosa katika daftari. Kibwagizo kiliporudiwa na ubeti ukaanza upya, nikasikiliza vizuri zaidi. Alipofika kwenye neno "pumzi" aliivuta ile *m* hadi gitaa likamsubiri, na wachimbaji wote wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijua namna pumzi inavyovutwa chini ya ardhi. Silabi iliyokosekana kwenye karatasi ilikuwapo kooni. Nilielewa hapo jambo ambalo nilikuwa nimelifundisha bila kulielewa: kwamba shairi la Kiswahili lilitungwa ili liimbwe, na mizani ni kipimo cha sauti kabla ya kuwa hesabu ya herufi.

Wimbo ulipokwisha alishika kipaza sauti. Kama ilivyo desturi ya bendi, akataja wageni. Alitaja mwenye duara fulani, akataja dereva. Kisha akasema, "Na mwalimu wangu aliyenifundisha mizani yumo ukumbini leo." Watu wakageuka kunitazama. Sikuwa na kofia.

Alikuja mezani, akanipa shikamoo, nami nikaitikia kwa shida. Nilimwambia kwamba mwaka 1987 nilipaswa kusema. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwalimu, ningekutaja, tungefukuzwa wawili, na wenzangu wangebaki bila mtu wa kuwasomea mashairi." Akaagiza soda mbili, akarudi jukwaani. Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kumuuliza.

Nilirudi Katoro mwaka 2019. Mahali pale pamekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Jirani yake, kijana mwenye kompyuta na spika ndefu kuliko mimi, ndiye anayewachezesha watu. Sina ugomvi naye. Kila kizazi kina chemko lake. Nilimuuliza habari za bendi. Hakuna aliyejua ilikokwenda, na nambari ya simu niliyopewa na mwanafunzi wangu haipatikani.

Nyimbo zake zilikuwa nyingi usiku ule. Mimi ninao ubeti mmoja, kwa sababu huo ndio niliouhesabu nikitafuta kosa. Nauweka hapa ulivyo, na silabi yake 15 katika mshororo wa tatu, na ninawaomba wahariri wa tungo wasiurekebishe. Na ukipita Shinyanga, Kahama, Geita au kwenu, ukasikia mtu anaimba, ingia. Chukua daftari. Usisimame nyuma ya nguzo.