Mchezo wa runinga uliomalizwa na nyanya

IKIWA ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa ile ya 1990, bila shaka unamfahamu yule fundi wa mabomba, mfupi, mwenye masharubu na kofia, ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia kuelekea kulia bila kuuliza sababu. Jina lake ni Mario. Akigusa uyoga anarefuka. Akipata ua anatupa moto. Akigongwa na kobe anafupika tena, na akigongwa mara ya pili anakufa. Akiingia ndani ya bomba anatokea chini ya ardhi, mahali penye sarafu zinazoelea hewani. Na kila anaposhinda ngome moja, anakuta mtumishi tu, naye anamwarifu kwamba binti wa mfalme anayemtafuta yumo katika ngome nyingine.

Hebu jaribu kumsimulia mtu mzima mambo hayo asubuhi, kabla hajanywa chai. Atakugusa paji la uso aone kama una homa. Lakini sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Tulicheza kama watu wanaoota, na anayeota hashangai.

Mashine yetu ililetwa na mjomba aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Alishuka Emali na mzigo wake Krismasi ya mwaka wa 1999, akapanda matatu hadi Wote, kisha akatembea hadi kwa nyanya. Mimi nilikuwa nimefika siku tatu kabla yake kutoka Kitui, ambako baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila likizo tulifunga safari hiyo ya kupitia Machakos, na kila likizo nyanya alitupokea kwa muthokoi na maswali kuhusu matokeo ya mtihani.

Ndani ya boksi la mjomba mlikuwa na kifaa cha plastiki, vishikizo viwili vya kuchezea, bunduki ya bandia, na kaseti ya rangi ya manjano iliyojigamba kuwa na michezo milioni kadhaa. Ukihesabu kwa makini ungeona ni michezo kumi hivi iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Mashine za namna hiyo zilikuwa nakala zilizotengenezwa Uchina na Taiwan, zikiigiza ile ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka wa 1983. Nyingi zilifika Afrika Mashariki, na ndizo zilizotufundisha wengi wetu maana ya neno kompyuta kabla hatujaiona kompyuta yenyewe.

Kwa nyanya hakukuwa na stima. Tulikuwa na runinga ndogo isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Fundi wa redio sokoni ndiye aliyeunganisha nyaya ili betri ile iweze kulisha runinga na mashine kwa pamoja. Betri ilipokwisha nguvu, ilipakiwa juu ya punda pamoja na mitungi ya maji, ikapelekwa mjini kuchajiwa. Ilikaa huko siku mbili. Ndiyo maana tulicheza kwa zamu kali: ukifa mara moja, unampa mwenzako kishikizo. Hakuna mwanasheria aliyeweza kupindua kanuni hiyo.

Wakati huo Ukambani kulikuwa na kiangazi kibaya. Mwaka uliofuata, 2000, mabwawa ya kuzalisha umeme yalipungukiwa na maji, nchi nzima ikaingia katika mgao wa stima. Hata Kitui mjini, wenzangu waliozoea taa walikaa gizani saa nyingi. Kwa mara ya kwanza, sisi wa betri ya punda tulikuwa na cha kujivunia.

Sasa nikupe siri kidogo za mchezo wenyewe, maana nilizijua nikiwa mtu mzima. Uliundwa na Wajapani wawili, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, ukatoka Septemba 1985. Programu yote, pamoja na picha zake na muziki, ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 40. Picha moja unayopiga leo kwa simu yako hubeba ukubwa huo mara nyingi. Kwa sababu ya uhaba huo wa nafasi, waundaji walibana matumizi kama mama mwenye kibaba kimoja cha unga. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja. Kilichobadilishwa ni rangi tu.

Jambo hilo sisi tuliligundua mapema kuliko watoto wa Nairobi. Katika runinga yetu rangi haikuwapo, hivyo wingu na kichaka vilifanana kama mapacha. Binamu yangu mmoja alishikilia kwamba Mario anatembea katikati ya mawingu, juu na chini, na kwamba ardhi haipo kabisa. Hakuna aliyembishia.

Bunduki nayo ilikuwa na uchawi wake. Ulielekeza kwenye bata anayeruka, ukafyatua, bata akaanguka. Ukikosa, mbwa aliibuka majanini akakucheka. Nyanya alimchukia mbwa huyo kwa dhati. Bunduki ile haikutoa kitu chochote. Ilikuwa na jicho la kupokea mwanga. Ulipofyatua, kioo kiligeuka cheusi kwa nukta moja ya kufumba na kufumbua, na mahali pa bata pakawa na mraba mweupe. Jicho likiona weupe, umepata. Likiona weusi, umekosa. Ufundi huo ulitegemea runinga za zamani zenye kisogo kirefu. Runinga bapa za siku hizi huchelewa kidogo kuonyesha picha, na bunduki ile mbele yake ni kipande cha plastiki tu.

Halafu kulikuwa na dunia isiyo na mwisho. Katika hatua ya pili ya mchezo, karibu na mwisho wake, ukiruka kinyumenyume kwa namna fulani unapenya ukuta na kujikuta kwenye mabomba matatu. Ukiwahi kuingia bomba lisilostahili kabla maandishi hayajatokea, unapelekwa mahali palipoandikwa kistari na namba 1. Ni chini ya maji. Unaogelea, unakwepa samaki na ngisi, unafika mwisho, unaingia bombani, na unatokea pale pale ulipoanzia. Hakuna njia ya kutoka. Leo wataalamu wanaeleza kwamba ni kosa la programu: ilisoma namba ya dunia isiyokuwapo, na mahali pa namba hiyo ikaweka nafasi tupu. Binamu yangu mkubwa alipafika mara mbili tu. Mara ya pili tulikaa tukimtazama akiogelea hadi betri ikazima, na usiku huo hakuna mtoto aliyetaka kwenda chooni peke yake.

Niliporudi Kitui nilisimulia habari hizo shuleni, wala sikuonekana mwongo. Pale Kitui, usiende mbali na mji, kuna jiwe kubwa la Nzambani. Kila mtoto wa huko ameambiwa kwamba ukilizunguka mara saba utageuka: mvulana awe msichana, msichana awe mvulana. Tuliwahi kupelekwa matembezi hapo na walimu. Tulizunguka kidogo, tukacheka, tukasimama. Mtoto aliyelelewa kando ya jiwe kama hilo hahitaji maelezo marefu ili aamini kwamba kuna bomba ambalo ukiliingia kwa njia isiyofaa hutoki tena.

Watu wengine duniani wamejaribu kuunda ndoto kwa makusudi. Mwaka wa 1998 huko Japani ulitoka mchezo ulioitwa LSD, kazi ya msanii Osamu Sato, uliotokana na daftari ambalo mwenzake mmoja wa kazini aliandika ndoto zake kwa miaka mingi. Ndani yake hakuna kushinda wala kushindwa. Unatembea tu, na ukigusa ukuta, mnyama au mtu, unahamishwa mahali pengine. Unatajwa sana na wapenzi wa michezo ya ajabu. Mimi nilipousoma habari zake nilitabasamu. Sisi tulikuwa na nyanya.

Naam, nyanya. Mara ya kwanza alikaa nyuma yetu akichambua maharagwe, akauliza kwa Kikamba: "Mtu huyu anakimbilia wapi?" Tukamweleza kwamba msichana ameibwa na jitu linalokaa ngomeni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jirani. "Basi ni eimu," akasema. Katika hadithi za Wakamba, eimu ni zimwi linalokula watu na kuteka wasichana. Tangu siku hiyo mchezo ukawa na maana. Kobe walikuwa watumishi wa eimu. Uyoga ulikuwa dawa aliyopewa yule mtu na mama yake kabla ya kuondoka nyumbani. Mabomba yalikuwa mashimo ya mhanga.

Hatukuwahi kuumaliza mchezo ule. Betri ilikata roho siku zote, mara nyingi katika dunia ya nne. Kioo kingekunjamana, nuru ingebaki kitone katikati, kisha giza. Tulipiga kelele za uchungu. Ndipo nyanya, bila kuombwa, aliendelea kutoka pale pale picha ilipoishia. Yule mtu alivuka mto. Alikutana na kikongwe mwenye vidonda aliyemwomba ampanguse. Alifika uani kwa eimu akamkuta msichana akitwanga mtama. Kulikuwa na wimbo msichana aliouimba kumwonya, na sisi tuliuitikia. Usiku mwingine safari ilipitia porini, usiku mwingine mlimani, lakini mwisho ulikuwa mmoja, na tulilala tukiwa tumeshinda.

Nyanya alifariki mwaka wa 2016. Baada ya mazishi, wajukuu tulibaki tumeota moto uani, na mazungumzo yakafika kwenye mashine ya mjomba. Mmoja akauliza: "Hivi, yule mtu alimtoa vipi msichana kwa eimu?" Mimi nilikumbuka kwamba alimficha ndani ya ngoma. Binamu yangu mkubwa alisema la, eimu alichomwa na mtama wa moto. Mwingine alikuwa na hakika kwamba msichana alijiokoa mwenyewe. Wimbo nao tulipata kiitikio tu. Maneno ya mwimbaji hakuna aliyekuwa nayo. Tulibishana mpaka tukanyamaza. Tulikuwa watu saba, wote tuliyasikia kwa masikio yetu, na hatukuweza kupata mwisho mmoja.

Mchezo wenyewe, kwa upande wake, haukupotea hata chembe. Niliupata kwenye simu kwa dakika chache. Nikashtuka kuona mbingu ni za samawati, maana kwangu zilikuwa kijivu miaka yote. Nikaucheza jioni kadhaa hadi nikamfikia binti wa mfalme. Anakushukuru, kisha unaambiwa uanze safari mpya iliyo ngumu zaidi. Basi. Mwisho wa nyanya ulikuwa bora mara kumi, nao ndio uliopotea.

Hili, ndugu msomaji, ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja. Kuna watu waliohifadhi kila kilobaiti ya mchezo ule, pamoja na makosa yake. Hadithi zetu nazo zimewahi kupata watunzaji. Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, alikusanya masimulizi ya Wakamba zaidi ya miaka 100 iliyopita. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alichapisha kitabu chake cha hadithi za Wakamba mwaka wa 1966. Lakini hadithi ya mtu mfupi wa runinga na eimu haikuwa ya Wakamba wote. Ilikuwa ya nyumba moja nje ya Wote, na mtunzaji wake alipaswa kuwa mmoja wetu.

Wazazi wengi huniuliza kama michezo ya simu inawaharibu watoto. Sina jibu la jumla. Ninachojua ni kwamba mwanangu wa miaka minane hucheza akiwa amejikunyata pembeni, visikizi masikioni, na akikwama hutafuta jibu kwa kidole, akalipata, akaendelea. Juzi nilivuta kiti nikakaa nyuma yake nikichambua mboga. Nikamuuliza: "Mtu huyu anakimbilia wapi?" Alinitazama kama aliyevamiwa. Kisha akatoa kisikizi kimoja na kuanza kunieleza, na maelezo yake yalichukua sufuria nzima ya sukuma wiki.

Wikendi ijayo, jaribu hivyo nyumbani kwako. Na kama bado una nyanya au babu, Kitui, Makueni au popote pale, washa kinasa sauti cha simu yako mbele yake, umwombe hadithi moja, na usiizime kabla hajafika mwisho.