Kiomboi, Ambako Stelingi Hafi

Ukitaja Kiomboi mbele ya vijana wa Dar, nusu yao watakuuliza iko mkoa gani. Jibu: Singida. Ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Mimi nilipoolewa na mtu wa huko nilikuwa najua mambo matatu tu kuhusu kwao: kuku wa kienyeji, alizeti na baridi ya asubuhi. La nne nimelikuta mwenyewe Juni iliyopita. Watu wa rika la mume wangu wanaipenda Terminator 2 kama wengine wanavyozipenda Simba na Yanga. Sio utani, msomaji!

Tulitoka Dar kwa treni ya SGR mpaka Dodoma, tukalala, asubuhi tukapanda basi. Unapita Manyoni, Singida mjini, Iguguno, halafu Misigiri. Hapo unaiacha barabara kuu ya Nzega na Mwanza unakata kwenda Kiomboi. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa, na mawe makubwa yamepandana kama vile kuna mtu aliyapanga akasahau kuyatoa. Upepo nao haupumziki.

Mume wangu alikuwa kimya njia nzima. Nikupe siri kidogo: yeye na kaka yake walikuwa hawajaongea tangu mzee wao afariki, mwaka wa pili sasa. Ugomvi wa mpaka wa shamba, mambo yale yale ambayo kila familia inayajua. Safari hii mama mkwe alikuwa ametuita wote, na hakutoa nafasi ya kukataa.

Mji wenyewe

Kiomboi ni mji mdogo, hauna haraka. Asubuhi unatoka na sweta, saa sita unalivua, saa kumi na mbili jioni unalitafuta tena. Chakula ni ugali wa mtama au uwele, mlenda, na kuku ambaye jana yake alikuwa anakimbia uani. Ukishuka kwa barabara kuu kuelekea Shelui unapita Mlima Sekenke, ambao Wajerumani waliujua kwa dhahabu yake. Ukisimama pale juu unaliona bonde la Wembere limetandazwa chini, tambarare mpaka macho yachoke. Mume wangu alisimama pale akasema, "Hapa tulipokuwa watoto tulisema ndiyo sayari nyingine." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote siku ile.

Banda la video

Wengi mmesahau kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini huku bara picha zilikuja kwa mkanda na deki. Mabanda ya video yakajaa nchi nzima: turubai au bati, mabenchi, jenereta nyuma inanguruma, na ubao wa chaki nje wenye jina la picha. Baadaye mjini tukayaita vibanda umiza.

Mume wangu anasimulia kwamba la kwao lilikuwa na mtu aliyekaa pembeni ya televisheni akitafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini mdomo alikuwa nao. Asichokielewa anakitunga. Hiyo ni kazi inayojulikana Afrika Mashariki nzima. Dar alikuwepo Kapteni Derek Mukandala, yule Lufufu, aliyeanza kwa kutafsiri mbele ya watazamaji kisha akaingiza sauti yake kwenye mikanda. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana mavijei wao. Hawa jamaa hawakutafsiri tu, walikuwa wanatuhamishia picha nyumbani.

Na picha za mashine na anga ziliwafaa sana. Arnold Schwarzenegger kwenye Terminator ya 1984 anaongea maneno machache mno, kwa hiyo mtafsiri anabaki na uwanja mzima. Roboti anatembea kimya, banda linasikia: "Huyu bwana hana ndugu wala jirani, msimsogelee!"

Terminator 2 ilitoka Marekani mwaka 1991. Iliongozwa na James Cameron, ikagharimu takriban dola milioni 100, ikachukua tuzo nne za Oscar. Kwa ambaye hajaiona: roboti wa aina ile ile ya aliyekuja kuua kwenye picha ya kwanza, safari hii anarudishwa kutoka siku zijazo kumlinda mtoto John Connor. Adui ni T-1000, wa chuma kinachotiririka kama zebaki. Ukimpiga risasi, tundu linaziba lenyewe. Mwishoni roboti anaomba ashushwe kwenye chuma kilichoyeyuka ili teknolojia iliyo ndani yake isibaki duniani. Anazama huku ameinua kidole gumba.

Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Kila mtoto wa banda la video anaijua sheria namba moja: stelingi hafi. Adui anakufa, rafiki wa stelingi anakufa, stelingi hafi. Sasa huyu kazama mbele ya macho yao!

Usiku wa moto

Usiku wa pili tuliota moto uani. Juu ya Kiomboi nyota ni nyingi mpaka unajisikia mdogo. Kundi la Nge lilikuwa limenyanyuka wazi kabisa. Ndugu wawili walikaa pande mbili za moto, kila mmoja akiongea na mama tu.

Nikaona nichangamshe. Nikawasimulia Star Trek, tamthilia ya Marekani ya 1966, yenye dada mweusi ofisa wa mawasiliano ndani ya chombo cha anga. Anaitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols ndiye aliyemuigiza, na Martin Luther King mwenyewe alimsihi asiiache kazi ile. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, Uhura anasemeshwa Kiswahili. Tena kwenye Return of the Jedi ya 1983, rubani mmoja mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb, anaongea Kikuyu. Sauti ni ya Mkenya, Kipsang Rotich.

Mama mkwe akauliza, "Huyo Uhura, mwanangu, kwao ni wapi?" Tukacheka wote. Rafiki yao wa utotoni aliyekuja kutusalimia akadakia, "Mama, afadhali huyo. Hivi siku ya Terminator ni nani alilia?"

"Huyu hapa," kaka mtu akasema, akimnyooshea mdogo wake kidole.

"Mimi? Kaka, wewe ndiye ulitoka nje ukasema moshi wa jenereta!"

Ikawa mvutano. Nani alilia, nani alikaa benchi la mbele, kiingilio kilitoka wapi. Kwenye kiingilio wakakubaliana: mzee aliuza jogoo, akawapeleka mwenyewe, na ndiyo siku pekee aliyoingia bandani. Njia nzima ya kurudi walibishana kama stelingi kafa au hajafa. Mzee hakuingilia. Alipofika nyumbani alimuuliza mama swali moja tu: "Sasa yule mtoto atabaki na nani?"

"Nikamwambia ana mama yake," mama mkwe akasema. "Akanyamaza, akala."

Hakuna aliyeongea kwa muda. Kisha kaka mtu akasogeza kuni kwenye moto akasema, bila kumtazama mtu, "Bwana mdogo, kesho asubuhi twende shambani. Tukaangalie ule mpaka."

Walikwenda. Kesi haijaisha, nisikudanganye. Kuna jiwe la mpaka linalohitaji wazee waje kulithibitisha. Lakini sasa wanapigiana simu. Siku tunaondoka kaka mtu alisimama stendi akatuinulia kidole gumba, na mume wangu akajibu hivyo hivyo dirishani. Wanaume wazima hao!

Kwa nini hazizeeki?

Leo T-1000 hamshangazi mtoto mwenye simu. Wengi wamependa muvi mpya wakazisahau ndani ya wiki. Hizi za zamani zimebaki kwa sababu hatukuziangalia peke yetu. Mkanda mmoja, watu hamsini, sauti moja ya Kiswahili, na ubishi wa njiani. Anayeikumbuka picha anawakumbuka pia waliokaa naye benchi moja, pamoja na aliyelipa kiingilio.

Kwa hiyo dada, kama mwenzako kila mwaka anaangalia Predator au Robocop ile ile, kaa naye umuulize swali moja: mara ya kwanza uliiangalia na nani? Na wewe kaka, muulize mwenzio kuhusu tamthilia zake. Utaipata familia yake nzima kwa muda wa picha moja.

Ukitaka kwenda

Nenda Juni hadi Agosti, barabara ni kavu na anga ni safi. Beba sweta zito na mafuta ya kujipaka, upepo unapasua midomo. Usiondoke bila alizeti iliyokamuliwa huko huko. Na kwenye flashi weka Terminator 2, ile ya 1991. Hata kama mwenyeji wako ameiona mara ishirini, atakuwekea kiti, na ubishi wa kama stelingi kafa utaanza upya.