Marhamu Moja, Majina Mawili

Wahenga walinena kwamba rahisi ghali. Methali hii ina ukweli wake sokoni, lakini katika duka la dawa huweza kumpoteza mnunuzi. Mama mmoja wa Ukunda, mfuaji nguo katika hoteli moja ya ufuoni Diani, aliitii kwa majuma mawili, na wanawe ndio walioilipia.

Kitinda mimba wake alikuwa na choa shingoni. Mgeni mmoja wa hoteli alikuwa amemwachia mama tyubu ya Canesten iliyosalia nusu, na kwa siku chache choa kikaanza kufifia. Dawa ilipokwisha kabla ya ugonjwa, mama aliifunga tyubu tupu katika pindo la leso, akashika njia ya duka la dawa. Bei aliyotajiwa ilikaribia ujira wake wa siku nzima.

"Mama, ipo nyingine ya bei nafuu, na dawa iliyomo ni ile ile," kijana muuzaji alimweleza, akimwonyesha kijisanduku cheupe kisicho na madoido.

"La, mwanangu. Hiyo ni ya maskini. Mimi nataka ile inayoponya."

Akarejea nyumbani mikono mitupu, angoje mshahara. Choa hakikungoja. Watoto watatu waliolala mkeka mmoja na kujifunika leso moja waliambukizana mmoja baada ya mwingine.

Mwisho wa mwezi mama alirudi. Safari hii kijana aliziweka dawa zote mbili juu ya meza, akaelekeza kidole kwenye mstari mdogo: klotrimazoli, 1%, gramu 20. Mama hakuifahamu lugha ya maandishi yale, lakini aliyalinganisha herufi kwa herufi, kama mtu anayehesabu shanga. Yakalingana. Kwa fedha za tyubu moja yenye jina kubwa akanunua tatu, na nauli ikasalia.

Waama, dawa ya namna hii ina majina mawili. Mwanasarufi angesema kwamba moja ni nomino ya kawaida na jingine ni nomino ya pekee. Klotrimazoli ni jina la dawa yenyewe, ilhali Canesten ni jina ambalo kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliipa bidhaa yake ilipoiingiza sokoni katika miaka ya 1970. Mvumbuzi hupewa hataza, ambayo siku hizi aghalabu huwa ya miaka 20, ili afidie gharama za utafiti. Hataza ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa ile ile bila kuzibeba gharama hizo upya. Hizo ndizo dawa za jeneriki. Anayenunua jina la pekee hulipia dawa, kisha hulipia na sifa.

Ieleweke kwamba jeneriki si bandia. Bandia hudanganya kuhusu kilichomo, ilhali jeneriki hukitaja, na nchini Kenya sharti isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu kama ile ya awali. Ni kweli kwamba katika dawa za kupaka, mafuta yanayoibeba dawa huweza kutofautiana, na ngozi ya mtu ikakubali haya na kuyakataa yale. Hilo aulizwe mfamasia, isiulizwe bei. Aidha, klotrimazoli ya kupaka, iwe ghali au rahisi, haitoshi kuponya mapunye ya kichwani, ambayo huhitaji dawa ya kumeza.

Umaskini ulimchelewesha mama yule, lakini jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, katika lugha asiyoisoma, lilimchelewesha zaidi. Je, ni wangapi wanaosubiri mshahara ilhali dawa wanayoimudu iko mbele ya macho yao? Yeye sasa amelinakili jina hilo katika kipande cha karatasi. Jirani akimjia na mtoto mwenye choa, hulifungua pindo la leso na kumsomea.