Amana ya nyumba, Uingereza na Nairobi

Amana ya nyumba huzua ugomvi siku mpangaji anaporudisha funguo. Kiasi chenyewe ni sababu ndogo. Kinachokwamisha ni pesa kuwa mkononi mwa mmoja wa wagomvi, naye hana haraka.

England na Wales zilibana mwanya huo Aprili 2007. Amana hukabidhiwa mpango ulioidhinishwa na serikali, au mwenye nyumba hubaki nayo ikiwa imekatiwa bima, na sasa hilo lifanyike ndani ya siku 30. Akipuuza, mahakama yaweza kumwamuru amlipe mpangaji hadi mara 3 ya amana. Mzozo ukizuka na wote wakiridhia, mwamuzi wa mpango huamua bila ada, kwa makaratasi tu. Anayetaka kukata ndiye anayethibitisha, maana pesa ni za mpangaji. Hapo ndipo orodha ya siku ya kuingia inapopata thamani: picha ya jiko likiwa safi, doa la chai kwenye zulia karibu na dirisha. Na zulia lililochakaa kwa kukanyagwa miaka minane halilipiwi bei ya jipya.

Nairobi, amana ya mwezi mmoja au miwili hutumwa kwa mwenye nyumba na aghalabu huwa imeshaliwa. Siku ya kuhama, neno la kwanza ni rangi. Mpangaji anaapa aliyakuta matundu ya misumari, mwenye nyumba anaapa ukuta ulikuwa mpya, na picha hakuna. Anayepokea funguo ni msimamizi wa ploti, asiye na ruhusa ya kurudisha hata shilingi. Mwenye ruhusa hashiki simu. Ndiyo maana wengi huacha tu kulipa kodi ya mwezi wa mwisho.

Baraza la kuamua migogoro ya kodi ya nyumba lipo Kenya, ila sheria yake huishia kwenye nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, bei ya kuchekesha leo. Njia yenye nguvu zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: madai hadi shilingi milioni 1, hukumu ndani ya siku 60.

Tatizo ni kwamba kesi inapofika mahakamani neno “mwizi” huwa limeshatamkwa, na baada ya hapo kurudisha pesa ni sawa na kukiri. Mzee anayeheshimiwa na wote wawili hulikwepa neno hilo: rangi wagawane nusu kwa nusu, kinachobaki kirudi, aliyetoboa ukuta asiulizwe. Mwamuzi wa Uingereza hana ruhusa hiyo. Hugawa kwa ushahidi, kati ya watu ambao pengine hawakuwahi kuonana.