Kuandika Umbo la Mtu Katika Mchezo wa Maandishi

Iko michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja. Mchezaji afunguapo mchezo wa namna hii haoni nyumba, wala mti, wala uso wa mtu. Aona maandishi tu. Maandishi humwambia kwamba yumo katika chumba fulani, kwamba mlango uko upande wa kaskazini, na kwamba watu watatu wamesimama karibu na meko. Watu wale ni wachezaji wenziwe, pengine mmoja yuko Marekani, mmoja Uingereza, na mmoja hapa kwetu, nao wameunganishwa kwa intaneti. Akitaka kusema nao huandika. Akitaka kutoka huandika. Na akitaka kumtazama mmoja wao huandika neno la amri lenye maana ya "tazama", pamoja na jina la yule mtu. Ndipo hutokea sentensi chache zielezazo umbo lake. Sentensi hizo ndizo maelezo ya mhusika, na habari zake ndizo nilizokusudia kuziandika leo, kwa maana katika ulimwengu ule mtu hana mwili mwingine ila maneno hayo.

Michezo hii si mipya. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika programu ya mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Ndani yake watu wengi waliweza kuwamo pamoja wakati mmoja, wakitafuta hazina na kupanda daraja. Mwaka 1989 James Aspnes, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, alitoa mwingine ulioitwa TinyMUD. Huyu hakujali sana mashindano ya kupanda daraja. Aliwapa wachezaji uwezo wa kujenga vyumba na vitu wao wenyewe, na kujenga kwenyewe kulikuwa ni kueleza kwa maneno. Kisha Pavel Curtis, aliyefanya kazi katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, akaanzisha LambdaMOO, mchezo uliofunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Nyumba iliyokuwa ndani ya mchezo ule aliifananisha na nyumba yake mwenyewe. Mgeni alianzia katika kabati ya makoti yenye giza, akafungua mlango, akatokea sebuleni penye watu.

Mgeni huyo, kama hakuwa amejieleza, akitazamwa programu ilisema kwa niaba yake kwamba huyu ni mchezaji apaswaye kuandika amri ya kujieleza. Alikuwa kama mtu aliyefika arusini amejifunika gunia. Wala amri yenyewe haikuwa ngumu. Katika LambdaMOO iliandikwa alama ya @ pamoja na neno describe, maana yake "eleza", kisha me as, yaani "mimi kuwa", kisha maelezo yenyewe ndani ya alama za usemi. Katika TinyMUD na michezo iliyozaliwa nayo, mahali pa as paliwekwa alama ya usawa. Ni vema kukumbuka kwamba maelezo mapya hufuta yale ya zamani yote. Hayaongezwi chini yake. Kwa hiyo mwenye busara huandika kwanza daftarini, husahihisha, huweka nakala, ndipo huyatia katika mchezo.

Baada ya maelezo ya mtu, LambdaMOO iliongeza sentensi moja ya kusema kama yu macho au amelala, maana mchezaji akiisha kutoka, mhusika wake huhesabiwa kuwa amelala. Hapo pana jambo la kumpendeza mwalimu wa lugha. Kiingereza hakisemi sentensi ile kwa urahisi pasipo kuchagua kama mtu ni mume au mke. Basi kila mchezaji alichagua jinsi yake kwa amri nyingine, na waandishi wa programu waliweka alama ya %s mahali pa kiwakilishi, ili kompyuta ijaze neno lipasalo. Orodha ya jinsi katika LambdaMOO haikuwa mbili tu, bali zaidi ya hizo. Sisi twasema "amelala", na neno limekwisha. Hata mhusika akiwa sungura au jiwe linenalo, ile "a" yamtosha, kama katika hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu. Aandikaye maelezo kwa Kiswahili aweza kufika mwisho bila msomaji kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Na akitaka ijulikane, hana budi kuitafutia mahali, katika kanga au kanzu au ndevu. Jambo ambalo Mwingereza hulisema bila kukusudia, Mswahili hulisema kwa kukusudia.

Sasa na tuangalie namna ya kuandika. Wengi waanzao huandika hivi: "Huyu ni mzuri kuliko wote. Umwonapo moyo wako hutetemeka, nawe wampenda papo hapo." Maneno hayo hayana umbo ndani yake. Neno "mzuri" ni hukumu, na msomaji ameletewa hukumu kabla hajauona ushahidi. Tena yanaamuru moyo wa mgeni. Mimi niliyekuja kutazama nimeambiwa kwamba natetemeka, nami sitetemeki.

Tulinganishe na haya: "Mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kanga ya buluu iliyopauka mabegani. Ncha ya kidole chake cha shahada ina matundu madogo ya sindano. Kila usikikapo mwendo wa miguu hugeuza uso kuelekea mlangoni." Asomaye atasema moyoni, huyu ni fundi wa kushona, tena yuko mtu amngojeaye. Hayo mawili hayakuandikwa popote. Amejipatia mwenyewe, na kitu mtu alichojipatia hukishika kuliko alichopewa. Tena amepata neno la kuanzia mazungumzo: aweza kuuliza, "Mama, wamngojea nani?" Maelezo mema humpa mgeni swali la kuuliza, na mchezo wote huendelea kwa maswali kama hayo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: andika yale tu ambayo mgeni asimamaye mlangoni aweza kuyapokea, nawe mwachie moyo wake. Mambo yaliyopita, kama vile kufiwa na baba au kukimbia vita, yasiingie katika maelezo, maana hayaonekani usoni. Yakiwa na alama, iandikwe alama. Kadhalika isiandikwe kwamba watu wote wamwogopa, kwa kuwa hofu ni mali ya hao watu, si yake.

Pengine yuko atakayesema kwamba jambo hili ni dogo mno. Si dogo. Mwaka 1993, katika LambdaMOO, mchezaji mmoja alitumia programu iliyoandika kwamba wengine wanatenda mambo ya aibu, hali wao hawakuyatenda wala kuyataka. Mwandishi Julian Dibbell aliieleza habari hiyo katika gazeti la The Village Voice la New York mwaka ule ule. Hakuna aliyeguswa hata unywele, walakini waliotendewa waliumia kweli, na jamii yote ya mchezo ilifadhaika, ikabishana juu ya sheria na adhabu. Watu wale walitambua kwamba mahali ambapo mwili ni maneno, kumsemea mtu matendo yake ni kumshika kwa nguvu. Aandikaye "nawe wampenda papo hapo" hajafika huko, lakini amekwisha kuingia njia ile.

Jambo la pili ni urefu. Vioo vya zamani vilivyotumika kwa michezo hii vilionyesha kwa kawaida mistari 24, na kila mstari herufi 80. Maelezo ya mistari 30 yalisukuma mwanzo wake nje ya kioo, pamoja na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Vioo vya leo ni vikubwa, lakini subira ya msomaji haikukua pamoja navyo. Mtu akiingia chumbani, wengine wako katikati ya maneno, na kumtazama ni kupepesa jicho. Sentensi nne hadi sita zatosha. Ianze ile ionekanayo kwa mbali, kama kimo na mavazi. Zifuate zile za karibu, kama kovu na pete. Na ya mwisho iwe ya jambo alitendalo, ili asionekane kama sanamu.

Tena si wote wasomao kwa macho. Michezo hii inapendwa sana na watu wasioona, kwa sababu kila kilichomo ni maandishi, na zipo programu za kompyuta zisomazo maandishi kwa sauti. Katika michezo ya picha mtu asiyeona hukaa nje ya ua. Katika huu huingia kwa mlango ule ule wa wenziwe. Yule anayepamba maelezo yake kwa safu za nyota na mistari, au kuchora upanga kwa alama za herufi, na ajue kwamba msikilizaji huweza kusomewa "nyota, nyota, nyota, mstari, mstari", hata achoke kabla ya kufika kwa mtu mwenyewe.

Jambo hili nimelijua kwa kijana mmoja niliyemfundisha zamani, asiyeona tangu utotoni. Nukta nundu alizisoma upesi kuliko wenziwe walivyosoma wino, na sasa hucheza mchezo mmoja wa namna hii kwa Kiingereza. Alipokuwa akitayarisha maelezo ya mhusika wake aliniletea ayatazame, nami nayaleta hapa kwa Kiswahili kwa idhini yake: "Fundi wa mashua, mfupi, mwenye mabega mapana. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakina ukucha. Nguo zake hunukia mafuta ya papa na mbao mpya. Tezo iliyo kiunoni hugongana na misumari mfukoni, na sauti hiyo hutangulia mlangoni kabla yake." Babu yake alikuwa fundi wa mashua, naye alikulia katika harufu ile na sauti ile. Soma tena maelezo ya mshonaji niliyoyatoa juu, utaona kwamba karibu yote ni ya macho. Kijana huyu alimpa mgeni pua na masikio pia, na mtu wake anakaribia zaidi kuliko wangu.

Pamoja na maelezo aliniletea swali. Je, yampasa kuandika kwamba yeye ni kipofu? Mwenzake mmoja alikuwa amemwambia kwamba asipoandika anawadanganya watu.

Nilimjibu kwanza juu ya uongo. Amri yatukataza kushuhudia uongo, na shahidi ni mtu aulizwaye jambo lililotukia kweli, na watu wakategemea jibu lake. Bwana wetu alipofundisha kwa mifano, hakuna aliyeuliza mpanzi yule alikaa kijiji gani. Wote waingiao katika mchezo wajua kwamba fundi yule ni mhusika, kama wajuavyo kwamba sungura wa hadithi hasemi. Uongo huanza pale mtu atumiapo umbo la mchezo ili apate fedha, au ahadi ya ndoa, au siri ya mwenziwe, nje ya mchezo. Hapo maelezo yamekuwa ushahidi, na mwenye kuyaandika atahukumiwa kama shahidi.

Lakini kuhusu kuandika au kutoandika sikumwamulia, maana swali lilikuwa lake. Alifikiri siku chache, kisha akasema, "Mwalimu, macho yangu si siri wala si tangazo. Kila niingiapo mahali, upofu wangu hutangulia kuingia kabla yangu, na watu husema nao kwanza. Huko nataka tezo ndiyo itangulie. Atakayeniuliza nitamjibu." Basi akayaweka maelezo yake kama yalivyokuwa. Wachezaji wenziwe walisema naye juu ya mashua kwa majuma mengi. Mmoja alimwuliza mwishowe kwa nini hunena sana juu ya harufu, akamwambia kweli. Yule akastaajabu kidogo, kisha wakarudi katika habari za mashua.

Enyi walimu wenzangu, zoezi hili halihitaji kompyuta. Mpe kila mwanafunzi kipande cha karatasi, aandike sentensi tano za mtu aliyembuni, bila neno la sifa kama "mzuri" au "mbaya", bila kumwambia msomaji aone nini moyoni, na walau sentensi moja iwe ya sauti au harufu. Karatasi zikusanywe, mmoja asome kwa sauti, na wengine wafumbe macho wasikilize. Kisha waulizwe: mtu huyu hufanya kazi gani, ametoka wapi, nawe ungemwuliza nini? Wakiwa na swali la kumwuliza, mwandishi amefaulu. Wakinyamaza, mrudishie karatasi yake kwa upole, aandike tena.