Springi za mbele za Land Cruiser ya mjomba

Wanaosubiri sehemu ya pili ya somo la hifadhidata wanivumilie, mikono ilikuwa na grisi. Leo ni gari.

Mjomba anaishi Lokiriama, kule Turkana inapopakana na Uganda. Ana Land Cruiser HZJ75, ile ya dizeli lita 4.2. Gari hilo ndilo matatu, ndilo lori la mbuzi, na mgonjwa akizidiwa usiku ndilo ambulensi ya kumfikisha Lodwar. Sasa usukani ulianza kutikisika kila likigonga shimo, na mtikisiko haukomi mpaka usimamishe gari kabisa. Fundi mmoja alishamwambia aliuze. Akanipigia simu: "Mpwa, wewe si ulisomea mashine?" Nilisomea kompyuta, lakini kwa mjomba ni kitu kimoja.

Kwa msiojua, gari hizi zilikuwa na springi za mabamba hata mbele. Ni mwaka 1999 ndipo Toyota walipoweka koili mbele. Watu wa mjini hudharau mabamba, wanasema ni ya lori. Lakini tazama yanavyofanya kazi: tairi likipanda jiwe, springi hunyooka na kuwa ndefu kidogo, ndiyo maana ncha moja imefungwa kwa pini na nyingine imeshikwa na sheko inayobembea. Mabamba yanasuguana, na msuguano huo hupunguza mrusho kabla hata shokapu haijasaidia. Na bamba moja likivunjika porini, mara nyingi utalifunga kwa waya na kamba ufike. Koili jaribu uone!

Mtikisiko wa namna hii ni kama hitilafu ya programu, kila mtu ana mshukiwa wake. Mjomba alishabadilisha shokapu mara mbili. Sisi, pamoja na fundi mzee pale Lodwar, tulipima kitu kimoja kimoja. Inua gari kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Mwenzako akanyage breki. Likiacha kucheza, lawama ni ya beringi za gurudumu. Likiendelea, ni beringi za kingpini. Letu liliendelea. Bushi nazo zilikuwa zimeliwa, na bamba moja lilikuwa limepasuka pale chini ya yubolti pasipoonekana.

Spea zilitoka Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja kwa basi kupitia Kitale. Beringi za kingpini hukazwa kwa kuongeza au kupunguza visahani vyembamba vya chuma, halafu unavuta mkono wa usukani kwa mizani ya springi uone unahitaji nguvu kiasi gani. Mizani tuliazima kwa muuza nyama, akatudai kilo moja ya mbuzi (tulinunua). Yubolti tulifunga mpya, maana za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi tulizikaza mwisho, gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unajipinda tangu siku ya kwanza.

Tulikuwa tunakimbizana na Septemba. Mwezi huo Lokiriama hukumbuka mapatano ya amani ya 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa upande wa Uganda, na mjomba alishaahidi kubeba wazee.

Tulipita Lorugum, tukavuka laga mbili, usukani umetulia tuli. Tukasimama kukaza yubolti tena. Kumebaki mlio mdogo upande wa kushoto gari likikata kona. Mjomba anasema ni bushi mpya zinajizoesha. Mimi ninashuku sheko, na Desemba nitaifungua.