Mlipa ushuru asubuhi, mhamiaji haramu jioni

Umewahi kumwona mtu akipokewa vizuri asubuhi na kufukuzwa jioni na serikali hiyo hiyo? Mimi nimeona, katika ufuo mmoja karibu na Mbita.

Asubuhi hiyo nilikuwa nikinywa chai na mama mmoja muuza omena. Mashua zilizovua usiku kwa taa zilikuwa zikirejea. Mume wake, Mganda aliyeishi hapo miaka tisa, aliteremka, akauza samaki wake na kumlipa karani wa kaunti ushuru. Akapewa risiti. Wakataniana kidogo, kila mmoja akashika njia yake.

Jioni maofisa wa uhamiaji walifika pamoja na askari. Yule bwana alipoulizwa stakabadhi za kuingia nchini, unadhani alitoa nini? Alitoa ile risiti! Alipakiwa garini na wenzake huku watoto wake wawili wakilia. Mama alimkimbilia karani awaambie maofisa kwamba anamjua mume wake. Karani akainamisha kichwa. “Dada yangu,” akasema, “mimi kazi yangu ni risiti tu.”

Nilikasirika. Lakini nilipotulia nikakumbuka kwamba karani alisema kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kitaifa mambo ya uhamiaji na uraia. Kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, zilipewa uvuvi, masoko na leseni za biashara. Kwa hivyo kaunti hula jasho la mgeni, lakini haiwezi kumpa kibali cha kukaa wala kuzuia asifukuzwe.

Sisemi sheria ivunjwe. Hasha! Ni kweli Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, lakini haikufuta mipaka. Anayevuka hutakiwa kupita kituoni na kuwa na kibali cha kazi. Tena sisi wenyewe tulilia wavuvi wetu walipohangaishwa na askari wa Uganda kule Migingo, na mzozo ukapamba moto mwaka 2009. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na samaki hawajui mpaka. Lazima wavuvi watakutana.

Isitoshe, Mbita ni mahali pa ajabu kumwita Mganda mgeni. Wazee wa Abasuba, wenyeji wa Rusinga na Mfangano, husimulia kwamba mababu zao walifika kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda zaidi ya miaka 200 iliyopita. Leo wengi wao huzungumza Kijaluo. Laiti wangetakiwa kuonyesha stakabadhi siku ile!

Je, kaunti ifunge macho basi? La. Kifungu cha 6 cha Katiba chasema serikali hizi mbili zinategemeana na zifanye kazi kwa kushauriana. Kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, iliyowekewa kanuni mwaka 2007, na kamati hiyo hufahamu nani anavua na nani. Afisa wa uvuvi wa kaunti anaweza kuwaita wavuvi na kuwaeleza kibali hupatikana wapi, kabla gari la askari halijafika. Anaweza pia kuwaambia maofisa kwamba huyu ana mke na watoto hapa. Kusema hakuhitaji mamlaka ya uhamiaji.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 14, mtoto ambaye mama au baba yake ni Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa. Mchukulie cheti cha kuzaliwa mapema. Kifungu cha 15 nacho humruhusu aliyeoana na Mkenya kwa miaka saba au zaidi kuomba uraia, awe mume au mke, kwa masharti ya sheria. Zamani haki hiyo ilikuwa ya wake wa kigeni tu. Lakini bila cheti cha ndoa utathibitisha vipi? Ndoa ya kimila nayo huandikishwa, kwa sheria ya mwaka 2014.

Yule mama hakuyajua haya. Mume wake alifikishwa kortini, akatozwa faini, kisha akarudishwa kwao kupitia Busia. Nilipompitia baadaye, mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu na mtoto mkubwa hakuwa shuleni. Mama alifungua kibeti, akanionyesha risiti za ushuru za miaka kadhaa, zimefungwa kwa uzi.

“Hizi zote walizipokea,” aliniambia. “Hakuna aliyetuambia kuna karatasi nyingine.”

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbita mwenyeji amepona kwa jasho la mgeni. Je, ilikuwa vigumu mno kumwelekeza ofisi ya pili?